Binti wa Nyumba ya Magongo

Tarehe 27 Julai, 2012, mataifa yalipokuwa yakiingia kwa msafara katika uwanja wa Olimpiki mjini London, bendera ya Ujerumani ilichukuliwa na mwanamke wa miaka 35. Jina lake ni Natascha Keller. Miaka minne kabla ya siku ile, mjini Beijing, bendera hiyo hiyo ilikuwa mikononi mwa Dirk Nowitzki, mchezaji wa mpira wa kikapu ambaye jina lake lilijulikana tangu Texas hata Manila. Nilikuwa nikiutazama msafara wa London katika televisheni pamoja na jirani zangu, na Wajerumani walipopita, mzee mmoja aliyekuwa nasi akauliza, "Na huyu ni nani?" Hapakuwa na aliyeweza kumjibu. Mimi nami nilinyamaza. Msafara ukaendelea, ikaja Ghana, na Ghana tukaishangilia.

Swali la mzee yule lilikaa nami muda mrefu kuliko nilivyodhani. Kazi yangu ni kufundisha fasihi, na mwenye kufundisha fasihi hana budi kupima sifa: sifa hutoka wapi, huwaangukia akina nani, na kwa nini mtu mmoja hujulikana ulimwengu mzima kwa jambo dogo, na mwingine akatenda makubwa miaka kumi na minane na bado watu wakauliza kuwa ni nani. Insha hii ni jibu langu kwa mzee, ijapokuwa limechelewa.

Natascha Keller alikuwa mchezaji wa mpira wa magongo, mchezo ambao siku hizi wengi huuita hoki. Watu kumi na mmoja kila upande hushika magongo yenye ncha iliyopinda, wakaushindania mpira mdogo mgumu kama jiwe. Ni mwiko kuupiga mpira kwa upande wa mviringo wa gongo. Upande bapa tu ndio halali. Ni mwiko pia kuugusa kwa mguu, isipokuwa kwa mlinda mlango. Wala bao halihesabiwi ikiwa mpira haukuguswa na gongo la mshambuliaji ndani ya nusu duara iliyochorwa mbele ya lango. Waingereza ndio walioutia mchezo huu katika sheria, wakauchukua kila walikokwenda: Bara Hindi, Afrika ya Mashariki, na mwisho wa karne ya kumi na tisa hata Ujerumani, ambako chama cha taifa kiliundwa mwaka 1909. Lakini Ujerumani ni nchi ya kandanda. Chama cha kandanda huko kina wanachama zaidi ya milioni saba. Cha hoki hakifikii laki moja. Hoki miongoni mwa Wajerumani ni kama utenzi mbele ya wimbo wa redio: waujuao huujua barabara, na wengine hupita njia yao.

Katika watu hao wachache ndimo ilimo nyumba ya Keller ya Berlin, na habari za Natascha haziwezi kusimuliwa bila ya kuanzia kwa babu yake.

Erwin Keller alikuwa katika timu ya Ujerumani iliyocheza fainali ya Olimpiki mjini Berlin tarehe 15 Agosti, 1936. Mechi ilikuwa ichezwe siku iliyotangulia, ila mvua iliizuia. Wapinzani wao walikuwa Wahindi, wakiongozwa na Dhyan Chand, askari wa jeshi ambaye mpaka leo wajuao mchezo huu humtaja kwa sauti ya chini kama watu watajavyo jina la mshairi mkubwa. Mwezi mmoja kabla yake Wajerumani walikuwa wamewafunga Wahindi hao mabao 4 kwa 1 katika mechi ya mazoezi, kwa hiyo wenyeji walikuwa na tumaini, na nusu ya kwanza ililikuza tumaini lile: Wahindi walikuwa mbele kwa bao moja tu. Nusu ya pili ilikuwa mafuriko. Husemwa kwamba Dhyan Chand alivua viatu vyake ili aushike vizuri uwanja uliolowa. Mwisho ulikuwa 8 kwa 1. Bao lile moja la Wajerumani, lililofungwa na Kurt Weiß, ndilo la pekee lililoingia katika lango la Wahindi katika mashindano yote.

Ni lazima mwaka ule utajwe kwa jina lake. Michezo ya 1936 ilitengenezwa na utawala wa Hitler ili ulimwengu uonyeshwe ubora wa kabila moja juu ya makabila mengine. Katika uwanja wa mbio, Jesse Owens, Mmarekani mweusi, alikuwa amekwisha kuchukua nishani nne za dhahabu. Katika uwanja wa magongo, watu waliotawaliwa, wasio na dola yao wenyewe, waliwafunga wenye nyumba mabao manane mbele ya wageni. Ipo hadithi kwamba baada ya mechi ile Hitler alimwita Dhyan Chand na kumwahidi cheo katika jeshi lake. Ni hadithi tamu, na kwa utamu wake naitilia shaka. Erwin Keller alitoka na nishani ya fedha. Mchezaji aliyeshindwa na timu bora kuliko zote za zama zake hakufanya la aibu. Mwaka ndio wenye aibu, na nishani imechongwa mwaka juu yake.

Mwanawe, Carsten, alizaliwa Berlin mwezi Septemba 1939, mwezi ule ule vita vilipoanza. Alicheza katika Olimpiki ya Rome mwaka 1960, na ile ya Mexico mwaka 1968, ambako Ujerumani ya Magharibi ilishika nafasi ya nne baada ya kushindwa na India katika mechi ya kutafuta nishani ya shaba. Yafaa msomaji akumbuke ukubwa wa jambo lililokuwa mbele yao. Tangu 1928 hata 1968 dhahabu ya hoki ya wanaume ilikuwa haijatoka nje ya mikono ya watu wa Bara Hindi: mara saba iliwaendea Wahindi, na mara mbili Wapakistani. Mzungu aliyechukua gongo akitumaini dhahabu alikuwa kama mgeni aliyeingia katika ngonjera za watu wenye lugha yao.

Lugha ile ilivunjwa Munich mwaka 1972, na nahodha wa timu iliyoivunja alikuwa Carsten Keller. Walakini furaha yenyewe ilikuja na matanga. Tarehe 5 Septemba watu wenye silaha waliingia katika makazi ya wanamichezo, na watu kumi na mmoja wa msafara wa Israeli wakauawa. Michezo ilisimama, kisha ikaendelea. Siku tano baadaye, tarehe 10, Ujerumani ya Magharibi na Pakistan zilikutana katika fainali. Kwa muda wa saa nzima hapakuwa na bao. Ndipo katika dakika ya 60 Michael Krause akafunga kwa kona ya adhabu, na ikawa 1 kwa 0. Wapakistani hawakukubali. Waliwalaumu waamuzi, rais wa chama cha hoki cha ulimwengu, René Frank, akamwagiwa maji, na wakati wa kutoa nishani wachezaji wao wakaidharau heshima ya jukwaa. Wengi wakafungiwa maisha, adhabu ambayo baadaye ilipunguzwa. Sisemi walikuwa na haki. Ila watu waliozoea kushinda kwa miaka arobaini hawashindwi mara moja tu. Hushindwa na bao, na hushindwa tena na mawazo kwamba huenda mambo hayatarudi kama yalivyokuwa.

Hapa naomba ruhusa ya kutoka kidogo katika njia, kwa sababu njia yenyewe yapita karibu na kwetu. Katika kundi la Wajerumani kule Munich ilikuwamo Uganda, na Uganda ilitoka sare na Ujerumani, 1 kwa 1. Timu ile ambayo Carsten Keller aliiongoza mpaka dhahabu haikuweza kuifunga Uganda. Na Waganda wale walikuwa akina nani? Hoki katika Afrika ya Mashariki ilistawi hasa katika klabu za watu wa asili ya Kihindi, Wagoa na Masingasinga, na ndivyo ilivyokuwa katika timu ya Uganda pia, iliyochanganya watu wa asili ile na Waafrika. Tarehe 4 Agosti mwaka ule ule, wiki tatu kabla ya Michezo kufunguliwa, Idi Amin alikuwa ametangaza kwamba Wahindi wenye hati za Uingereza watoke nchini katika siku 90. Basi kulikuwa na vijana waliovaa rangi za Uganda mbele ya watazamaji wa Munich huku nyumbani siku za jamaa zao zikihesabiwa. Tarehe 2 Septemba John Akii-Bua alishinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi na kuweka rekodi ya ulimwengu, na sifa yake ikafunika kila kitu, kama ilivyostahili. Sare ya hoki haikupata wa kuisimulia. Ilipofika tarehe 8 Novemba muda ulikuwa umekwisha, na Uganda haikurudi tena katika hoki ya Olimpiki.

Wakenya nao, mwaka mmoja nyuma, walikuwa wameshika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza mjini Barcelona, mbele ya Wajerumani waliokuwa wa tano. Nayasema haya kwa sababu kijana wa leo akiambiwa kwamba palikuwa na wakati ambapo Nairobi ilikuwa juu ya Berlin katika mchezo wowote usiokuwa wa mbio, hucheka. Asicheke. Kulikuwa na sababu za kupanda na sababu za kushuka. Moja ya sababu za kushuka ni jani. Tangu Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 hoki kubwa huchezwa juu ya zulia la kutengenezwa, ambalo bei yake ni kubwa na ambalo lilihitaji kumwagiwa maji mengi kabla ya mchezo. Ufundi wa Dhyan Chand ulizaliwa katika uwanja wa udongo na nyasi. Juu ya zulia, mpira huenda mbio na moja kwa moja, na mwenye nguvu, mbio na fedha za kujenga zulia hupata zaidi. Katika nchi za Ulaya mazulia yakaongezeka mji kwa mji. Kwetu yalikuwa ya kuhesabika kwa vidole.

Katika kizazi cha tatu Andreas Keller alitangulia. Mwaka 1984 mjini Los Angeles alipata fedha, Pakistan ilipowalipa Wajerumani deni la Munich kwa 2 kwa 1. Mwaka 1988 mjini Seoul akapata fedha tena, mbele ya Uingereza, 3 kwa 1. Na mwaka 1992 mjini Barcelona akapata dhahabu, Australia ilipofungwa 2 kwa 1. Fedha zile mbili alizipata akichezea Ujerumani ya Magharibi, na dhahabu akichezea Ujerumani moja, kwa sababu katikati yake ukuta uliogawanya mji wake ulikuwa umeanguka.

Natascha alizaliwa tarehe 3 Julai, 1977. Alikua katika klabu ya Berliner HC, ambayo viwanja vyake viko upande wa kusini-magharibi wa mji, mahali ambapo baba, kaka na mdogo wake Florian walikuwa kama samani za nyumbani. Watu hupenda kusema kwamba hoki ilikuwa katika damu yao. Mimi sipendi msemo huo. Damu haishiki gongo. Jambo lililo wazi zaidi ni namna klabu za Wajerumani zilivyo: si mali ya tajiri mmoja, ni za wanachama, na mwanachama huja na mkewe, mumewe na watoto, mtoto hupewa gongo fupi kabla hajajua kusoma, na majira ya baridi yakifika mchezo huingizwa ukumbini, juu ya sakafu, ambako nafasi ni finyu na mkono hujifunza werevu. Katika mazingira hayo mtoto wa nahodha wa Munich hakuhitaji damu ya ajabu. Alihitaji uvumilivu wa kusikia jina la baba yake kila alipokosa bao.

Aliingia timu ya taifa mwaka 1994, akiwa bado msichana wa miaka 17, na akatoka mwaka 2012. Katika miaka hiyo 18 alicheza mechi 425 na kufunga mabao 209, yaani karibu bao moja kwa kila mechi mbili. Ili hesabu hiyo ipate uzito, mwanamume aliyeichezea Ujerumani kandanda mara nyingi kuliko wote, Lothar Matthäus, alicheza mechi 150. Ni kweli kwamba timu za hoki hukutana mara nyingi zaidi, na si haki kulinganisha moja kwa moja. Hata hivyo mechi 425 ni safari 425 za mtu ambaye mchezo wake haukuwa wa kumtajirisha. Alikuwa mshambuliaji, na mshambuliaji katika hoki ya zama zake aliishi kwa kungoja: dakika sabini za mbio kwa ajili ya nafasi mbili au tatu za kupiga. Mwaka 1999 chama cha ulimwengu kilimchagua kuwa mchezaji bora wa mwaka kwa wanawake, mwaka wa pili tu tangu tuzo ile ianzishwe.

Lakini Olimpiki zilimnyima. Atlanta mwaka 1996, hakupata nishani. Sydney mwaka 2000, hakupata. Alikuwa na tuzo ya ulimwengu nyumbani, na nyumbani humo humo palikuwa na nishani za babu, baba na kaka. Kurithi nyumba yenye sifa ni jambo zuri mpaka siku utakapoketi mezani peke yako bila ya kitu cha kuweka juu ya kabati.

Mwaka 2004 mjini Athens hapakuwa na dalili njema. Katika mechi za makundi Wajerumani walifungwa na Uholanzi 4 kwa 1, na Waholanzi ndio waliodhaniwa na wote kuwa washindi. Mwalimu Markus Weise aliikokota timu yake mpaka nusu fainali, na huko walitoka 0 kwa 0 na China, wakapita kwa mapigo ya adhabu, 4 kwa 3. Tarehe 26 Agosti walikutana tena na Waholanzi wale wale, na safari hii wakawafunga 2 kwa 1. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa wanawake wa Ujerumani katika mchezo huu, na nishani ya Natascha ikaenda kukaa pamoja na nyingine. Mwaka 2008 mjini Beijing mdogo wake Florian alipata dhahabu upande wa wanaume, Hispania ilipofungwa 1 kwa 0. Natascha mwenyewe safari hiyo alirudi mikono mitupu: wa nne, baada ya kushindwa na Argentina. Hesabu ya nyumba moja, basi, tangu 1936: dhahabu nne na fedha tatu, kwa vizazi vitatu.

Nilipokuwa nikiziandika mechi hizi za mwisho moja chini ya nyingine, niliona jambo ambalo sikulitazamia. Munich, bao ni la Krause. Barcelona, mabao yote mawili ni ya Michael Hilgers. Athens, ni ya Anke Kühn na Franziska Gude. Beijing, ni la Christopher Zeller. Fainali nne za dhahabu, mabao sita, na hakuna hata moja lililofungwa na Keller. Binti aliyefunga mabao 209 hakufunga lile ambalo watu wangelikumbuka. Nilijiuliza kama jambo hilo lapunguza kitu. Mwanzoni nilidhani ndiyo, kwa kuwa sisi wasimulizi tunapenda shujaa aupige mkuki wa mwisho yeye mwenyewe. Kisha nikafikiri kwamba pengine ndiyo sababu ya kweli ya jirani zangu na mimi kutomjua: umashuhuri wa mbali huhitaji picha moja, dakika moja, bao moja. Umashuhuri wa karibu, wa watu wa klabu, wa watoto wanaosimama kando ya uwanja siku ya mvua, hujengwa kwa mechi 425. Aliyepewa bendera ya London alichukua umashuhuri wa aina hii ya pili, na waliomchagua walijua kwamba wageni wengi watauliza ni nani.

Katika mashindano yenyewe ya London mambo hayakwenda vizuri. Wanawake wa Ujerumani hawakufika nusu fainali. Walimaliza wakiwa wa saba, siku chache kabla ya wanaume wao kuchukua dhahabu tena. Ilikuwa Olimpiki yake ya tano na ya mwisho, na baada yake aliliweka chini gongo la taifa.

Nilipokwisha kukusanya habari hizi nilikwenda kwa mzee jirani yangu, nikamsomea. Alisikiliza kimya, mkono wake mmoja juu ya goti. Nilipofika Munich alinisimamisha nirudie habari za Uganda, nikazirudia. Nilipomaliza, akaniuliza kama huyo binti alifunga katika fainali ya Athens. Nikamwambia hakufunga. "Basi walifunga akina nani?" Nikamtajia wale wawili. Aliyajaribu majina yale ulimini, yakamshinda, akatoa kalamu mfukoni na kunipa, akataka nimwandikie.